Taa Inayoita

Jua la Kigoma huchelewa kuzama. Nchi nzima inafuata saa moja, nasi tumekaa ukingoni kabisa mwa magharibi, kwa hiyo watu wa Dar es Salaam wakiwa wamekwisha kuswali magharibi na kuwasha taa, hapa Katonga bado kuna mwanga wa kutosha kuchambua mchele. Halafu jua linashuka nyuma ya milima ya Kongo, na kiza hakibishi hodi. Akina mama wanazoa dagaa waliokauka na kuwatia kwenye magunia. Vijana wanasukuma mitumbwi majini, na mmoja wao, ambaye si lazima awe na misuli kuliko wenzake, amebeba taa.

Baada ya muda ziwa linaanza kuwaka. Inatokea taa moja upande wa Bangwe, kisha mbili, kisha unageuza shingo kuelekea Kibirizi na kukuta tayari ziko nyingi, zimejipanga kwa mstari uliopinda, na ukijaribu kuzihesabu unazichanganya. Mgeni wangu mmoja, aliyefika siku hiyo kwa treni kutoka Tabora, alisimama nami juu ya mwamba akazitazama muda mrefu, kisha akauliza, "Ule mji wa ng'ambo unaitwaje?" Nikamwambia pale hapana mji. Pale ni maji matupu, na chini ya zile taa kuna mamia ya mita za giza. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi. Watu wamekaa juu ya shimo hilo ndani ya mbao chache, nao wanachochea mwanga.

Hao ndio ninaotaka kuwasifu, na hasa yule mmoja mwenye taa.

Nimewahi kuuona mnara wa taa wa Chumbe, kisiwa kidogo kusini ya mji wa Unguja. Ulijengwa mwaka 1904, na mwaka 1926 ukafungwa mitambo ya gesi ya asetilini, kazi ya akili ya Gustaf Dalén wa Sweden. Bwana huyo alibuni vali inayoisikia nuru ya jua: kukipambazuka inafunga gesi yenyewe, kukichwa inaifungua. Alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, na mwaka huohuo mlipuko wa gesi ukampofusha macho. Aliendelea na kazi akiwa kipofu hadi alipofariki mwaka 1937. Kisiwani bado uko msikiti mdogo wa watunza taa. Nilipoukaribia niliwaza wanaume waliokuwa wakitia udhu pale, mbali na jamaa zao, kazi yao yote ikiwa ni kuhakikisha kwamba meli wasizozijua hazigongi miamba. Nilivua viatu kwa heshima yao.

Lakini taa ya mnara na taa ya dagaa zina maneno tofauti. Taa ya Chumbe humwambia baharia akae mbali, hapa pana jiwe. Taa ya Katonga huita. Humwita mnyama asiyezidi kidole, aliyelala chini kwenye kiza kizito, apande aje juu. Na kumwita kiumbe anayeogopa kila kitu ni kazi nyingine kabisa kuliko kumwonya nahodha mwenye akili zake.

Babu yangu mzaa mama alianza kazi hii kabla ya taa kufika. Zamani ulikuwa moto. Kwenye kichwa cha mtumbwi waliwasha matete makavu na kuni, na mtoto mmoja alipewa kazi ya kuulisha. Mtoto huyo alikuwa babu. Moto ukipungua, dagaa wanatawanyika. Ukizidi, mtumbwi unaungua na nyusi za mtoto pia. Mtu mzima alisimama mbele ameshika lusenga, wavu wa kuchotea uliofungwa kwenye duara kubwa na mpini mrefu, akisubiri samaki wajae kwenye mwanga ili awachote kama mtu achotaye maji kisimani. Babu hadi uzeeni alikuwa na alama ndogondogo za cheche kwenye mikono yote miwili. Tulipokuwa wadogo tulidhani amezaliwa nazo.

Miaka ya 1950 ikaja karabai.

Neno lenyewe, sikioni mwangu, lina harufu ya kabaidi, lile jiwe la kijivu ambalo likilowa hutoa asetilini, gesi ileile ya Chumbe. Karabai ya ziwani ilitumia mafuta ya taa. Ndani yake kulikuwa na mambo mawili yaliyotoka mbali. La kwanza ni kile kifuko cha uzi kinachofungwa mahali pa utambi, ambacho kilibuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Austria mwaka 1885: uzi umeloweshwa chumvi za madini, na ukiuchoma mara ya kwanza pamba yote inateketea, linabaki jivu lenye umbo lilelile la kifuko. Jivu hilo ndilo linalong'aa. La pili ni tangi la kupampu, lililopata sifa kwa jina la Petromax, la kampuni ya Graetz ya Berlin. Upepo unayasukuma mafuta yapande kwenye mrija wa moto, yageuke mvuke, mvuke uwake ndani ya jivu. Kwa hiyo kitu kilichokuwa kikiangaza ziwa letu kilikuwa majivu, na majivu yale hukuruhusiwa hata kuyapulizia pumzi.

Fikiria sasa kukipeleka kitu hicho ziwani. Taa ya sebuleni haitikiswi. Taa ya mtumbwini inapandishwa na wimbi, inashushwa na wimbi, inapigwa na mkia wa mgebuka aliyeruka, inarushiwa maji na kasia la mtu aliyechoka. Tone moja la maji baridi likigusa kioo kilichopata moto, kioo kinapasuka. Mshtuko mmoja, na kifuko kinamomonyoka, mwanga unageuka mwali mwekundu wenye moshi, na kazi ya usiku imeingia doa. Mzee ninayemfahamu hapa Katonga, ambaye tangu ujana wake alikuwa mwenye taa, aliweka vifuko vya akiba ndani ya kopo la maziwa ya unga, akalifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli, akaliweka chini ya kofia yake. Si mfukoni. Kichwani, kwa sababu kichwa ndicho mahali pa mwisho kulowa.

Alinieleza jinsi ya kuiwasha. Kwanza spiriti kidogo kwenye kikombe chini ya kifuko, iwake mpaka mrija upate joto. Ukiharakisha, mafuta yanapanda yakiwa mabichi na taa inatema moto. Kisha pampu, taratibu. Kisha unasikiliza. Karabai nzuri huvuma kwa sauti moja, kama mtu anayesema "shhh" kumbembeleza mtoto. Sauti ikikatika-katika, kuna uchafu kwenye tundu. Ikipanda na kuwa nyembamba, upepo umezidi. Ikishuka, pampu tena. Usiku kucha wenzake walipokuwa wakipiga soga au kusinzia kwa zamu, yeye sikio lake lilikuwa kwenye ile sauti. "Nilikuwa nalala," aliniambia, "lakini taa ikibadilisha neno nilikuwa naamka." Mke wake aliyekuwa akitwanga karibu alicheka, akasema hata nyumbani alikuwa anaamka jiko likinyamaza.

Hata hivyo kuiwasha ni nusu tu ya ufundi. Nusu ya pili ni kujua samaki.

Maji ya ziwa hili ni kama nyumba ya ghorofa isiyokaliwa chini. Ukishuka mita 100 hivi upande wetu wa kaskazini, hewa imekwisha ndani ya maji. Kusini inafika kama mita 200. Chini ya hapo samaki haishi. Uhai wote unaotulisha umejibana kwenye tabaka jembamba la juu. Mchana, vijidudu vidogo vya majini hukimbilia chini kukwepa macho, na usiku hupanda kula. Dagaa huwafuata vijidudu. Migebuka huwafuata dagaa. Mwenye taa anasimama juu ya msafara huo wote, hauoni, na anautilia mwanga mahali anapotaka usimame.

Ndiyo maana mwezi ni adui wake. Mbalamwezi inapojaa, ziwa zima linakuwa na taa moja kubwa kuliko zote, na samaki hawana sababu ya kukusanyika chini ya ya kwako. Wavuvi wa hapa hawahesabu mwezi wa kalenda, wanahesabu giza. Mtu atakwambia alioa katika giza fulani, au deni atalilipa giza lijalo. Siku za mbalamwezi ni za kushona nyavu, kuziba mitumbwi, kulala na familia. Ni kalenda iliyoandikwa na samaki, na mji mzima unaifuata bila kuambiwa: sokoni, bei ya dagaa inapanda na kushuka nayo.

Siku hizi wengi wanatumia kipe, yaani vyombo viwili vilivyofungwa pamoja kwa miti, na wavu unaoteremshwa chini katikati yake. Taa zinaning'inizwa juu ya wavu. Hapo kazi kubwa inakuwa kungoja, na hapo ndipo niliposhuhudia jambo ambalo limenifanya niandike haya. Usiku nilioruhusiwa kwenda nao, taa zilikaa saa nyingi zikiwaka zote. Mzee hakuwa akiangalia taa. Alikuwa anaangalia ukingo wa mwanga, pale maji ya kijani yanapogeuka meusi. Nilimuuliza anatafuta nini.

"Samaki hapendi mwanga, mwanangu," alisema. "Anapenda mahali giza linapoishia."

Kumbe dagaa hawaji kukaa kwenye mwanga mkali. Wanazunguka mpakani mwake, kama watu wa kijijini wanaochungulia harusi ya tajiri. Ukizidisha taa, mpaka unakwenda mbali, na samaki wanakwenda nao, nje ya wavu. Kwa hiyo, vipovu vilipoanza kupanda na maji yakawa na ile harufu ambayo sina neno lake zaidi ya kusema ni ya tango bichi, mzee alianza kuzima. Taa moja. Akangoja. Ya pili. Akangoja tena, muda mrefu hadi nikadhani amesahau. Kila alipozima, mpaka wa giza ulisogea ndani, na samaki wakasogea nao bila kujua kwamba nyumba inapungua. Ilipobaki taa moja aliishusha mpaka karibu iguse maji, akapunguza upepo wake, na pale chini pakawa na kitu kama fedha inayochemka. Akanyanyua mkono. Hakusema. Wanaume wakavuta.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba mwenye taa hasifiwi kwa mwanga wake. Ufundi wake umo katika kupunguza.

Ufundi huu umesafiri. Aina ya pili ya dagaa wetu, wale wakubwa kidogo ambao wataalamu huwaita Limnothrissa, walichukuliwa hapa wakapelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968. Kivu wanaitwa sambaza, Kariba wanaitwa kapenta. Na walikofika, taa ziliwafuata: leo usiku wa Kivu na Kariba nao una miji ya uongo juu ya maji. Nikiona picha za huko najisikia kama mtu aliyekutana na binamu ugenini.

Taa hizi zina kazi nyingine pia, ambayo hakuna aliyezipangia. Boti za abiria na mizigo zinazopita usiku, zikitoka Kagunga au zikielekea kusini, zinazipita taa za wavuvi na kujua ufukwe uko wapi. Bibi yangu pale Ujiji hakuwa na haja ya boti. Alikuwa na kiti kifupi nyuma ya nyumba, mahali ambapo kati ya miembe miwili palikuwa na kipande cha ziwa. Alijua taa ya babu kwa rangi, ilikuwa na umanjano kidogo kuliko nyingine kwa sababu babu alibania mafuta. Upepo wa kusi ulipovuma, kuanzia Mei mpaka Septemba, alikaa pale hadi usiku wa manane. Taa zikaanza kuzimika, moja baada ya nyingine, na kila inayozimika inaweza kuwa mtu aliyeamua kurudi, au mtu ambaye wimbi limemwingilia. Kutoka pwani huwezi kutofautisha. Nakumbuka mgongo wake kuliko uso wake.

Sasa karabai zimeondoka karibu zote. Zimekuja balbu za betri na za umeme wa jua, nyeupe kama maziwa, zisizohitaji mafuta wala spiriti wala sikio. Sitaililia karabai. Mjomba wangu mmoja ana kovu la moto kutoka begani hadi kiwiko, na mafuta ya taa yalikuwa yakikatwa kwanza kwenye mauzo kabla baharia hajapata hata senti ya chumvi. Aliyeleta balbu ameondoa moshi kwenye mapafu ya vijana, na hilo ni jema kubwa. Ninachokiogopa ni kingine. Karabai ilikuwa na kikomo chake. Ilikufundisha kiasi hata kama hukutaka. Balbu haina kikomo. Ukiwa na fedha unaongeza nyingine, na jirani akiongeza tano wewe unaongeza kumi, mpaka ziwa lote linakuwa mbalamwezi ya mashine, na hakuna mahali giza linapoishia kwa sababu giza lenyewe halipo.

Na ziwa limebadilika chini ya taa hizo. Maji ya juu yanazidi kupata joto, na maji ya joto ni mepesi, yanaelea juu ya yale baridi bila kuchanganyika nayo. Zamani upepo wa kusi uliyakoroga, ukaleta juu rutuba iliyolala chini. Sasa ni kama kijiko kinachokoroga juujuu. Vijidudu vinapungua, dagaa wanapungua. Ukijumlisha na wingi wetu, na nyavu za matundu madogo, hesabu haihitaji mtaalamu. Nchi 4 zinazozunguka ziwa zilikubaliana kulipumzisha, na mwaka 2024 Tanzania ikalifunga upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti.

Sijawahi kuona kiza kama kile. Nilikwenda kwenye mwamba wangu usiku mmoja wa mwezi Juni, hakuna hata taa moja. Nilisikia mawimbi yakipiga mawe na nikatambua kwamba nilikuwa sijayasikia kwa miaka, kwa kuwa macho yalikuwa yakiyafunika masikio. Walioumia ni wengi, wauza chai wa mwaloni, wabeba mizigo, akina mama wa kuanika, na mimi sikuwa miongoni mwao, kwa hiyo kuliunga mkono ziwa kupumzika kulikuwa rahisi kwangu kuliko kwao. Bado naliunga mkono.

Ziwa likafunguliwa tarehe 15 Agosti. Lakini mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, nao ulijaa tarehe 19. Mitumbwi mingi ilitoka hivyohivyo, maana miezi mitatu ni mingi kwa nyumba yenye watoto. Mzee wangu hakutoka. Nilimkuta barazani na mjukuu wake, kijana wa miaka kumi na tisa mwenye balbu mpya sita na betri. Mzee alikuwa amechukua kanga kuukuu ya mkewe, anaikata vipande, anazivisha balbu nne. Kijana alikuwa amenuna. Nikauliza wanaondoka lini.

"Nangoja giza," mzee alisema.

Baada ya kujaa, mwezi huchelewa kuchomoza kila usiku, karibu saa nzima. Siku ya tano palikuwa na giza la kutosha mwanzo wa usiku, nao wakaondoka. Nikapanda kwenye mwamba. Taa zao niliziona zikitokea mbali kidogo na nyingine, zikakaa, zikakaa sana, kisha zikaanza kupungua. Iliyobaki ilikuwa nyeupe, ya kijana. Ikashuka mpaka karibu na maji, ikafifia kidogo, ikatulia.